Ubaguzi kazini Malindi na Lamu: barua kwa mwajiri, chama, leba, tume au mahakama?

Ubaguzi kazini huku mwambao una sura zinazojulikana. Hotelini Malindi na Watamu mara nyingi ni pesa: mpishi mwenyeji na mpishi aliyetoka ng'ambo wako jiko moja, zamu moja, lakini mishahara yao haikaribiani. Kwa wanawake ni msimu: hoteli hupunguza watu wakati wa masika, na wageni wakirudi, aliyekuwa mjamzito haitwi. Kwenye nyumba za wageni za Shela au Manda, swali huwa ni nani anawekwa mapokezi na nani anabaki kufua mashuka miaka nenda miaka rudi. Kuna bakshishi inayogawanywa kwa upendeleo, kuna dada anayeambiwa avue hijabu ndipo ahudumie wageni, kuna kijana wa Kigiriama au wa Kibajuni anayeambiwa kwamba kazi ya ofisini si ya watu wa kwao.

Sheria yenyewe iko wazi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, kabila, dini, mavazi, lugha na mingine, na kinamfunga mtu binafsi sawa na serikali. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inalishusha hilo hadi kazini: kuajiriwa, mafunzo, kupandishwa cheo, masharti ya kazi, kuachishwa. Inadai pia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kinachowaangusha watu si uhaba wa sheria. Wengi huchagua njia isiyoweza kuwapa wanachokitaka, au hufika siku zikiwa zimekwisha. Ndiyo maana tunazipanga njia hizi ubavu kwa ubavu.

Ushahidi huja kabla ya njia yoyote

Januari 2020 Mahakama ya Juu iliamua kesi iliyoanzia hapa hapa Kaunti ya Kilifi. Watafiti sita Wakenya walidai kwamba walibaguliwa kwa rangi katika utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wenzao Wazungu wakipendelewa. Mwaka 2014 mahakama ya kazi iliwapa shilingi milioni 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: walalamikaji hawakuwa wameweka mezani ushahidi wa kutosha kuufanya mzigo wa kuthibitisha umhamie mwajiri.

Kila anayefikiria kulalamika aielewe hukumu hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Kifungu cha 5 kinasema mwajiri ndiye wa kuonyesha kwamba hakubagua, na wengi husimama hapo wakidhani kudai tu kunatosha. Hakutoshi. Wewe uanze, uonyeshe mambo yanayomfanya mtu mwenye akili timamu aone kwamba umetendewa tofauti, na kwamba tofauti hiyo inafuata rangi, jinsia au kabila. Hapo ndipo mwajiri anapobanwa ajieleze.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya kazini ni mali. Andika siku ile ile: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kwa lugha yaliyosemwa, iwe Kiitaliano, Kiingereza au Kiswahili. Daftari likae nyumbani, si kwenye kabati la kazini wala kompyuta ya hoteli.

Kisha mtafute mwenzako wa kulinganishwa naye. Hii ndiyo roho ya kesi ya malipo au cheo. Chora safu sita: jina la kazi, kazi anayoifanya hasa kila siku, vyeti, miaka ya uzoefu, saa za zamu, na malipo pamoja na nyumba, chakula na nauli. Jaza ya kwako, jaza ya mwenzako. Mtu mmoja anatosha kuanzia, ila watatu wanaonyesha mwenendo. Halafu jiulize mwajiri atajibu nini. Atasema mwenzako ana cheti cha juu zaidi, au ameletwa kwa kibali cha kazi kwa ujuzi ambao haukupatikana hapa. Kama safu zako zinamjibu, una kesi. Kama hazimjibu, tofauti hiyo ina maelezo na huenda isihesabiwe kuwa ubaguzi. Ujue pia kwamba sheria haihesabu kuwa ubaguzi sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, hatua za kuwainua waliotengwa, wala kumpendelea raia kwa mujibu wa sera ya taifa ya ajira.

Ujumbe wa WhatsApp ni ushahidi mzuri unaoharibiwa kirahisi. Usiifute simu wala kuiuza. Picha ya skrini isiyoonyesha namba na tarehe hupingwa, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka maandishi ya kielektroniki yaambatane na cheti kinachoeleza yalivyotolewa. Usichukue hati za mishahara ya wengine kwenye droo ya mhasibu: utampa bosi sababu ya kukufuta, na kesi itageuka kuwa ya kwako wewe. Mwombe mwenzako aje kutoa ushahidi mwenyewe, au mahakama iombwe imwamuru mwajiri atoe rekodi. Kama huna mkataba ulioandikwa, usikate tamaa. Mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuuandika, na akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Barua kwa mwajiri, au leba moja kwa moja?

Barua ndiyo njia ya haraka ya kurekebisha kazi ungali ndani yake. Haina gharama, na ikifanikiwa, rota inabadilika au jina lako linaingia kwenye mafunzo mwezi huo huo. Inafaa pale ambapo kuna ofisi ya wafanyakazi iliyo mbali kidogo na yule unayemlalamikia. Kwenye nyumba ya kifahari ambako mwenye nyumba ndiye bosi, mhasibu na hakimu, barua ya ndani ina faida moja tu, ya kuweka rekodi. Iandike, kisha nenda leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali, bila kungoja.

Barua nzuri ni ya ukurasa mmoja. Matukio matatu au manne makubwa yenye tarehe, nani ametendewa tofauti nawe, msingi wa ubaguzi, unachotaka, na siku ya kujibiwa. Siku 14 ni muda wa haki. Msingi uutaje kwa jina lake: «kwa sababu ya jinsia yangu», «kwa sababu ya kabila langu». Barua inayosema tu «natendewa vibaya» itamruhusu mwajiri kusema baadaye kwamba hakuwahi kuarifiwa kuhusu ubaguzi. Chapisha nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa. Wakikataa kutia sahihi, itume kwa barua pepe au WhatsApp siku hiyo hiyo.

Huo muhuri una kazi nyingine. Kifungu cha 46 kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yakionekana hayana msingi wowote. Ukifutwa wiki mbili baada ya tarehe ya muhuri, tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema mengi.

Barua huharibika kwa kungoja. Meneja anasema «subiri mwenye hoteli arudi kutoka Italia», mwezi unapita, masika inaingia, watu wanapunguzwa. Mazungumzo ya ndani hayasimamishi saa ya sheria hata siku moja.

Afisa wa leba naye halipishi. Nenda na kitambulisho, mkataba au beji ya kazi, hati za mshahara, nakala ya barua yenye muhuri na zile safu sita. Atamwandikia mwajiri na kuwaita nyote wawili. Nguvu yake iko kwenye haki zinazohesabika: mshahara uliopunjwa, siku za likizo, malipo ya notisi, miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Waajiri wengi hulipa vitu hivi mbele yake kwa sababu hesabu haina ubishi. Kwenye ubaguzi wenyewe mkono wake ni mfupi. Anapatanisha na kupendekeza, ila hawezi kutoa fidia ya utu uliovunjwa kama atakavyofanya jaji. Kwa aliyefutwa kazi, dirisha la kumlalamikia mwajiri kwa afisa wa leba ni miezi 3 tangu siku ya kufutwa. Mwajiri akiitwa mara mbili asitokee, omba faili lako lionyeshe hivyo na usonge mbele.

Kibarua asijitoe kwenye hesabu hii. Aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au jikoni hotelini, sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama analipwa kila jioni.

Chama au peke yako?

Kwa hoteli, kazi za nyumbani, shule na hospitali, chama cha wafanyakazi kinachohusika ni KUDHEIHA. Pale ambapo kimetambuliwa na kuna mkataba wa pamoja, tungeshauri uanze nacho, hasa kwa malipo. Mkataba wa pamoja una madaraja na mishahara yake, kwa hiyo ubishi wa «mimi nafanya kazi kama yule» unageuka kuwa swali jepesi zaidi: mko daraja gani? Chama kikiripoti mzozo, Wizara ya Kazi huteua mpatanishi, na kikifika mahakamani kinakusimamia. Mzozo wa kufutwa kazi uripotiwe ndani ya siku 90.

Mipaka yake ni miwili. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, na nyumba nyingi ndogo za wageni hazijafika hapo. La pili linasahaulika sana: kama anayekudhalilisha ni mfanyakazi mwenzako naye ni mwanachama, chama kina watu wawili wa kuwatetea. Uliza mapema, kwa maandishi, ni nani atakayesimama nawe.

Hata asiye na chama ana haki moja ya kukumbuka. Ukiitwa kikao cha nidhamu, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kuelezwa tuhuma kwa lugha unayoielewa, na kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Dai Kiswahili. Ukinyimwa, liandike kwenye karatasi ya kikao kabla ya kutia sahihi.

Mahakama gani, na lini?

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Malindi, kwa hiyo mtu wa Kilifi au Lamu hana haja ya kufika Mombasa. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kutoa amri ambayo mwajiri hawezi kuipuuza. Kwa kufutwa isivyo haki, fidia hufika hadi mishahara ghafi (kabla ya makato) ya miezi 12. Fidia ya ubaguzi ni mbali na hiyo, na jaji ndiye anayeikadiria. Anaweza pia kuamuru urudishwe kazini, mradi miaka 3 haijapita tangu ufutwe.

Saa yake ina mtego. Kwa kawaida una miaka 3 tangu jambo litokee. Lakini kwa dhara linaloendelea, kama mshahara unaopunjwa mwezi baada ya mwezi, sheria inataka kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu dhara likome. Aliyeacha kazi akijipa miaka 3 ya kutafakari anaweza kukuta dai la malipo limekufa huku dai la kufutwa likiwa hai. Shika hesabu ya miezi 12, utakuwa salama kwa yote mawili.

Tangu 2018, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wamepewa mamlaka ya kusikiliza mizozo ya mikataba ya kazi ambapo mshahara ghafi hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa wahudumu na wapishi wengi hilo linatosha, na kwa mtu wa Lamu linaokoa safari, maana mahakama ya hakimu iko kisiwani Lamu. Kabla ya kufungua, uliza masjala kama hakimu aliyepo ana ngazi hiyo. Ila ukitaka mahakama itamke kwamba haki yako ya Katiba imevunjwa, usiende kwa hakimu. Nenda kwa jaji Malindi.

Gharama ni muda kwanza, halafu pesa. Kesi huweza kuchukua miaka, na anayeshindwa anaweza kuamriwa kumlipa mwenzake gharama. Unaruhusiwa kujisimamia, na vikao vingi husikilizwa kwa video, jambo lililowapunguzia watu wa Lamu mashua ya Mokowe na basi la kwenda Malindi. Ukichukua wakili, ada iandikwe kabla hajatoa barua ya kwanza. Wanawake wasio na uwezo wajaribu FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambalo lina ofisi Mombasa.

Tume: zinafaa kwa nini hasa?

Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa imekuwa na ofisi ya kanda ya Pwani mjini Malindi. Inapokea malalamiko bure, inachunguza, inapatanisha na kutoa mapendekezo. Tume ya Uwiano na Utangamano, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, inashughulikia ubaguzi wa kabila na rangi. Sheria hiyo hiyo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Tume hazitakupa mishahara ya miezi 12. Zinafaa pale tatizo lilipo kubwa kuliko mtu mmoja: tangazo la kazi linalotaka «wanaume pekee» bila sababu, ofisi ya umma iliyojaa kabila moja, hoteli isiyowapandisha wanawake cheo. Nenda kwao mkiwa kundi. Barua yenye majina kumi na rekodi za miaka mitatu hufika mbali kuliko ya mtu mmoja, na pia inakuwa vigumu kumwandama mmoja wenu. Kama tayari umefutwa, tume iwe nyongeza tu, huku dai la leba au mahakama likiendelea.

Wafanyakazi wa serikali ya kaunti wana ngazi yao. Uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti hukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Ukiiruka na kwenda kortini, utarudishwa.

Unyanyasaji wa kingono usiupeleke kwenye foleni ya kawaida

Hapa mpangilio wote hubadilika. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa. Iombe kwa maandishi. Kama haipo, hiyo pekee ni hoja dhidi yake. Kifungu kinataja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako. Hakimtaji mgeni wa hoteli. Kwa hiyo mhudumu anayeshikwashikwa na mgeni asiishie kumshtaki mgeni kwa mdomo. Amwarifu meneja kwa maandishi na aombe kuondolewa kwenye meza au chumba hicho bila kukatwa zamu. Meneja akinyamaza baada ya kujulishwa, kosa linakuwa lake yeye.

Bosi anayetumia cheo chake kudai ngono tena na tena anaingia kwenye jinai: kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinatoa kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote. Ripoti polisi, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kesi ya jinai na dai la kazi huenda pamoja, moja halizuii lingine. Kukiwa kumetokea kubakwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zifae, bila kuoga na bila kufua nguo za siku hiyo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Barua ya kwa mwajiri itangoja.

Kujiuzulu, na ile karatasi ya mwisho

Watu wenye kesi nzuri huzipoteza sana hapa. Anachoka, anaandika mstari mmoja wa «najiuzulu kwa sababu zangu binafsi», anaondoka. Mahakama za Kenya zinakubali kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa vitendo vya mwajiri na hilo likahesabiwa kuwa kufutwa. Lakini barua yenye «sababu binafsi» inalivunja dai hilo kwa mkono wako mwenyewe. Kama huna budi kuondoka, barua itaje ubaguzi, tarehe za malalamiko yako ya awali, na kwamba hayakushughulikiwa.

Kisha huja hati ya kumaliza madai yote. Mahakama zimeshikilia kwamba ukiisaini kwa hiari na ukaielewa, imekufunga. Usiisaini siku unayopewa bahasha. Omba nakala, iende kwa afisa wa leba au wakili, uangalie kama inasema umelipwa mshahara na likizo tu, au inasema huna dai lingine lolote. Kama pesa unazihitaji leo, andika juu ya sahihi yako: «nimepokea mshahara na likizo pekee, dai la ubaguzi limebaki», na uipige picha karatasi kabla haijarudi mezani kwa mhasibu. Cheti cha utumishi usikubali kibadilishwe na sahihi yako. Hicho ni chako kisheria mara kazi inapokwisha, hata kama mmeachana kwa ugomvi.